Vigingi vya Riruta

Maiti ya Urbanus Kilonzo ilikuwa imelala kwenye reli, mita mia mbili kutoka stesheni ya Kibera, upande wa Silanga. Treni ya kwanza ya abiria ilikuwa imempitia saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1986. Sasa ilikuwa imesimama hapo mbele, mabehewa sita ya watu waliochelewa kazini.

Urbanus alijulikana na kila mtu Silanga. Alikuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi katika kikosi cha wapimaji wa reli mpya, ile iliyotarajiwa kuitoa treni Kibera hadi Riruta na Kawangware.

"Tupeni huyo dereva!" sauti ilipaa kutoka kwenye umati. Jiwe liligonga ubavu wa injini.

Dereva Wepukhulu aliketi kwenye ngazi ya injini, makonstebo wawili kando yake. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

"Nilimwona akiwa amelala," alirudia. "Nikapiga honi. Nikapiga breki. Hakuinuka. Hata kichwa hakuinua."

Inspekta Mideva wa upelelezi wa jinai alishuka kwenye tuta akiwa na buti za mpira. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Alichuchumaa kando ya maiti akaikagua.

Kisha akamwita msaidizi wake. "Khamala, njoo uone. Mguu umekatika. Damu iko wapi?"

Konstebo Khamala alitazama kokoto. "Kidogo tu, madam."

"Mtu aliye hai akikatwa mguu huloanisha kokoto zote hizi. Sasa tazama viatu."

Viatu vya marehemu vilikuwa vimegandiwa na udongo mwekundu. Pale Silanga, karibu na bwawa, udongo ni mweusi na hunata kama lami.

"Hakutembea hadi hapa," alisema Mideva. "Aliletwa."

Alipanda juu, kwenye vibanda vya mboga na makaa. Muuza makaa mmoja, Kalondu, alikuwa amekaa na leso mdomoni.

"Mama, jana jioni ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa. Ningekuwa wapi?"

"Reli ilikuwa tupu?"

"Ilikuwa na mkokoteni wangu, afande!" Kalondu alishusha leso. "Ulikwama hapo katikati ya reli na magunia manane. Treni ya jioni ikatungoja zaidi ya nusu saa. Abiria wakashuka wote kusukuma, hata wenye tai. Hakukuwa na maiti. Watu mia tatu wangeiona."

Mideva aliandika maneno hayo, akamshukuru.

Kwenye kituo cha polisi, mkuu wa kituo alikuwa na haraka.

"Dereva amegonga mtu. Kesho asubuhi namfikisha mahakamani. Umati unataka jina la mtu, Mideva."

"Nitakupa jina, afande. Lakini si hilo."

"Una mpaka kesho saa mbili."

Daktari wa serikali alimaliza kazi yake saa sita mchana. Alivua glavu akamwonyesha Mideva kisogo cha marehemu.

"Treni haikumwua. Mwili ulipoletwa kwangu asubuhi ulikuwa umeshakakamaa mzima. Amekufa jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Pigo moja kutoka nyuma. Nyundo nzito."

"Kuna kitu kwenye jeraha?"

"Chembe za rangi nyeupe. Si chokaa. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka mbao."

Nyumbani kwa marehemu, chumba kimoja cha mabati, mjane wake Katunge hakuwa akilia. Alikuwa amekwisha kulia. Alimkaribisha Mideva kwenye kiti pekee, yeye akakaa kitandani.

"Jana alitoka saa ngapi, mama?"

"Baada ya chakula. Akasema anaenda Riruta."

"Kufanya nini?"

"Alisema vigingi vinatembea."

"Vigingi vipi?"

"Vya reli mpya. Vile wanapaka rangi nyeupe. Alisema Ijumaa walivipiga mahali, na Jumatatu asubuhi alipopita vilikuwa mahali pengine. Akachukua daftari lake la vipimo akaenda kuhakikisha." Katunge aliinua uso. "Madam, mume wangu alikuwa akipima hata kitanda hiki kabla ya kukinunua. Hangelala kwenye reli. Wanasema alikuwa mlevi. Urbanus hakuwahi kunywa."

"Daftari liko wapi?"

"Aliondoka nalo mkobani."

Kwenye reli hapakuwa na mkoba wala daftari.

Saa nane Mideva na Khamala walikuwa Riruta. Udongo ulikuwa mwekundu kama kutu. Mstari wa vigingi vyeupe ulikuja ukivuka mtaro, ukapita katikati ya shamba dogo la mahindi, ukaelekea moja kwa moja kwenye nyumba ya mbao ya mjane mmoja aitwaye Wakarima.

"Hiki kigingi kilipigwa lini?" Mideva alimwuliza.

"Mimi nimekiamkia tu jana. Wiki iliyopita hakikuwa hapa. Kilikuwa kule kwa jirani, karibu na jikoni." Wakarima alionyesha nyumba ya matofali ng'ambo ya ua. "Nikadhani serikali imebadilisha mawazo. Serikali ikibadilisha mawazo, mimi ni nani?"

"Jirani ni nani?"

"Wekulo. Si ndiye msimamizi wa hao wapimaji?"

Khamala alikuwa amekwisha kuruka ua. Alipiga magoti kando ya ukuta wa jikoni, akapapasa kwa vidole.

"Madam! Kuna shimo hapa. Limejazwa udongo na kukanyagwa. Bado ni laini."

Mlangoni mwa jikoni aliketi mama mzee sana akichambua maharagwe. Aliwaamkia kwa Kibukusu, akatabasamu, akarudi kwenye maharagwe yake. Mideva aliitikia kwa heshima. Alikisia huyu ni mamake Wekulo, lakini miguu haikusimama.

Ofisi ya wapimaji ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, Land Rover imeegeshwa nje. Wekulo alikuwa ndani, mtu mnene wa miaka arobaini na mitano, shati safi. Alisimama haraka.

"Inspekta, karibu. Tumeumia sana. Urbanus alikuwa ndugu yangu."

"Pole. Mara ya mwisho kumwona?"

"Jana asubuhi. Baadaye nilienda mjini kwa injinia."

"Ulirudi saa ngapi?"

"Jioni. Na treni ya saa kumi na mbili na robo."

"Ulipanda mjini?"

"Ndiyo."

"Ukashuka wapi?"

"Dagoretti. Nikatembea mpaka nyumbani."

"Saa ngapi ulishuka?"

"Saa moja kamili. Nakumbuka, niliangalia saa."

"Safari ilikuwaje?"

"Ya kawaida tu. Watu wengi. Nilikaa karibu na dirisha nikasoma gazeti."

"Hakuna lolote lililotokea njiani?"

"Hakuna."

Mideva aligeuza kurasa za kijitabu chake taratibu.

"Jana jioni mkokoteni wa makaa ulikwama kwenye reli pale Silanga. Treni yako ilisimama zaidi ya nusu saa. Abiria wote walishuka kusukuma. Nilipohakikisha habari hiyo kwa simu, stesheni ya Dagoretti iliniambia ilifika saa mbili kasorobo."

Wekulo alikitazama kijitabu.

"Pengine nimesahau," alisema.

"Umesahau kusukuma mkokoteni?"

"Inspekta, nilikuwa nimechoka..."

"Nyundo ya vigingi iko wapi?"

"Iko... zana zote ziko kwenye gari."

"Khamala."

Konstebo alitoka. Walimsikia akifungua mlango wa nyuma wa Land Rover, akihamisha vyuma. Wekulo aliangalia mlango. Khamala alirudi na nyundo ndani ya mfuko, kichwa cha nyundo kina rangi nyeupe, mpini umeoshwa ukapauka. Kwa mkono wa pili alishika daftari la ngozi.

"Lilikuwa chini ya kiti cha dereva, madam. Na huyu jamaa amekuwa akifuta. Tazama ukurasa wa Riruta."

Namba za penseli zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya. Mwandiko wa juu ulikuwa mnene. Wa chini, uliobaki kama kivuli kwenye karatasi, ulikuwa mwembamba na wima.

"Kwa nini hukulichoma?" Mideva aliuliza.

"Injinia angeliulizia," Wekulo alisema. Kisha akasikia alichosema, akakaa chini.

Gari lilipita nje.

"Umemwona mama yangu?" aliuliza Wekulo.

"Nimemwona."

"Amehamishwa mara tatu. Mara ya kwanza na mzungu mwenye shamba, kabla ya uhuru. Mara ya pili na ndugu za baba, baba alipokufa. Mara ya tatu moto wa Kibera. Nikamwambia, mama, Riruta hutahama tena. Nilifyatua matofali yale mwenyewe, miaka tisa, kila Jumapili. Halafu ramani inakuja, na kigingi kinaangukia jikoni kwake. Na mwenye kukipiga ni mimi."

"Ukakihamisha."

"Hatua thelathini. Tu."

"Hatua thelathini ni nyumba ya Wakarima."

"Ndivyo Urbanus alivyosema." Wekulo alijifunika uso. "Alinikuta hapa saa kumi na moja u nusu. Wengine walikuwa wameenda. Nilimwomba. Nilimpigia magoti, inspekta, mimi msimamizi wake. Akasema, 'Mama yako ni mama. Na Wakarima je, ni jiwe?' Nikasema basi nitaangamia. Akasema, 'Ngoja nikuonyeshe kitu.' Akainama kufungua mkoba. Nikajua anatoa karatasi za kunipeleka kwa injinia. Nikampiga."

"Na alfajiri ukampeleka kwenye reli."

"Nilijua treni ya kwanza inapita saa ngapi."

"Ulimjua dereva wake?"

"Hapana."

"Anaitwa Wepukhulu. Yuko seli kwa ajili yako."

Mideva alichukua daftari akaligeuza, kwa kuwa alikuwa ameona kitu ambacho Wekulo hakukiona: Urbanus alikuwa ameanza kuandika pia kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa penseli. Mtaro. Nyumba ya matofali. Nyumba ya mbao. Na katikati ya nyumba hizo reli iliyopinda taratibu, namba zimepangwa kando yake, safi. Chini palikuwa na sentensi moja. Aliisoma kwa sauti.

"'Tukianza kukunja kwenye mtaro, nyumba zote mbili zinabaki. Nimwonyeshe Wekulo kwanza, kisha injinia.'"

Alimwekea ukurasa mbele yake.

Wekulo aliusoma. Alikuwa mpimaji, hakuhitaji kuelezwa. Alifuata mkunjo kwa kidole hadi mwisho wa karatasi, na hapo akatoa sauti ambayo Khamala, miaka mingi baadaye, hakupenda kuisimulia. Alinyoosha mikono mwenyewe apigwe pingu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa seli ulifunguliwa kwa amri ya mkuu wa kituo. Wepukhulu alitoka akiwa hajanyoa. Mkewe Nabwire alimkumbatia, akapiga vigelegele hadi askari wa zamu wakacheka.

"Nenda ukapumzike, mzee," Mideva alimwambia.

"Hapana, madam. Nikilala leo, nitaogopa reli siku zote. Nipeleke stesheni."

Habari zilikuwa zimetangulia. Kibera nzima ilikuwa kando ya reli. Wale waliorusha mawe jana yake walivua kofia, na kijana mmoja akapaza sauti, "Wepukhulu, tusamehe, bana!" Dereva aliinua mkono, akapanda injini, na honi yake ikalia kuanzia Silanga hadi mjini.

Injinia alikwenda Riruta na daftari, akapima mkunjo mara tatu. Namba za Urbanus hazikukosea hata kiganja kimoja.

Mwaka uliofuata treni ya kwanza ilipita hapo, Wepukhulu akiendesha, Katunge ameketi dirishani katika behewa la mbele na Mideva ubavuni mwake. Kwenye mtaro treni ilianza kukunja. Upande mmoja Wakarima alikuwa amesimama katikati ya mahindi yake akipunga kitambaa. Upande wa pili mama mzee alikuwa mlangoni pa jikoni, amekaa, akitazama mabehewa yakipita.

"Kona ya Urbanus!" aliita mkaguzi wa tiketi, kwa kuwa ndivyo mafundi walivyoiita tangu siku ya kulaza mataruma ya reli, na jina likakaa. "Wa Riruta jiandaeni! Kona ya Urbanus!"

Katunge alisimama ili watu wote wamwone.