Maji ya Rejeta

Gari la Raafat lilirudi kutoka sevisi likiwa linang'aa, ila kiti cha nyuma kilikuwa na joto. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Raafat akaweka kiganja, akakiondoa, akajiambia ni jua. Jua gani, na gari limetoka kivulini? Lakini mwanaume wa Tanta, mji wetu huku Misri, akishapata gari jipya haambiwi kitu. Huyu alikuwa analifuta kila asubuhi kwa fulana yake mwenyewe, na mkewe, Inas, alishasema bora naye angezaliwa boneti.

Kabla hajafika barabara ya Mahalla, dashibodi ikaanza kulia: abiria wa nyuma afunge mkanda. Nyuma hakuna mtu. Akasimama, akauchomeka mkanda mtupu ili kelele ziishe, akaendelea na safari. Alipotupa jicho kwenye kioo, mkanda ulikuwa umejaa. Ulikuwa umepita juu ya kitu kilichotuna, kama tumbo la mtu aliyeketi.

Kesho yake alirudi kwa wakala aliyemuuzia gari. Pale kila anayeshika spana anaitwa mhandisi, na mhandisi wake alikuwa Wagdi, yule yule aliyefanya sevisi, kijana mwenye mafuta mengi kichwani kuliko kwenye injini. Wakachomeka kompyuta, kompyuta ikasema gari ni zima. Wakabadilisha mkanda, wakampa chai. Wagdi akamtania kwamba labda mama mkwe ndiye anayemfuata.

Raafat alicheka. Na wewe cheka sasa, maana huko mbele hutaweza.

Ijumaa alimpakia bintiye Rodina, ambaye hata shule hajaanza, waende kununua dengu za kukaanga. Njiani kiyoyozi kikaleta harufu ya nyama iliyochemshwa bila chumvi. Huko nyuma mtoto alikuwa ananong'ona, na baba yake akamuuliza anaongea na nani.

"Na anti. Amempakata mtoto."

"Mtoto gani, kipenzi cha baba?"

"Mdogo. Analia kwa ndani. Anti anasema nimshike polepole, ngozi inatoka."

Raafat akatazama kioo, akamwona bintiye yuko peke yake, na pembeni yake ule mkanda umejaa, unapanda na kushuka kwa pumzi za mtu aliyelia mpaka akachoka, na juu ya mkanda kimkono cha Rodina kinapapasa kitu kisichoonekana, taratibu, kama anambembeleza mdoli, huku matone ya maji ya kijani yanadondoka kutoka hewani mpaka kwenye zulia, na kila tone likitua linatoa moshi, na ile harufu ikazidi na kuzidi mpaka akafungua mlango gari likiwa bado linatembea.

Alilipeleka kwa Bi Fawkia, mama mmoja anayewapigia majini ngoma. Bi Fawkia hakuingia ndani. Alinusa tu mlango wa nyuma, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alimwaga maji ya moto?"

"Fundi."

"Na nani alimwambia amwage?"

Ni Raafat mwenyewe. Siku ya sevisi alikuwa amechelewa posa ya shemeji yake. Wagdi alitaka rejeta ipoe kwanza, yeye akamfokea afungue tu, amwage, hana muda. Maji yakaporomoka yakichemka mpaka kwenye mfereji wa sakafuni. Hapa kwetu hata mtoto anayejifunza kushika birika anajua kusema "dastur" kabla ya kumwaga, ni kuwabishia hodi majini walio chini wapishe. Fundi alikuwa na muziki masikioni. Mwenye gari alikuwa anatazama saa.

"Nitachinja, mama," Raafat akasema. "Kondoo wawili. Na gari achukue."

"Gari la nini, mwanangu? Alipanda kwa sababu wewe ulikuwemo."

"Basi anataka nini?"

"Mtoto wake amekata roho. Sasa mikono yake haina kitu." Bi Fawkia akajifunika mtandio. "Mimi sina ngoma ya kumpigia mama aliyefiwa. Nenda nyumbani ukakae na binti yako."

Gari lilisukumwa mpaka kwa wauza vyuma chakavu, na Raafat hakugeuka kulitazama. Halikusaidia kitu. Alasiri moja Inas alikuwa anamchana Rodina nywele karibu na dirisha, mtoto akageuka, akamtazama kama unavyomtazama muuza duka.

"Asante, anti," akasema. "Mama amesema inatosha."

Madaktari wamempima, hana ugonjwa. Rodina yupo, anakula, anakua. Ila Inas akipiga magoti na kusema "njoo kwa mama", mtoto anakuja mbio huku anacheka, anampita, anakwenda kusimama kwenye pembe ya chumba na kuinua mikono apakatwe.

Kwa hiyo neno hilo Inas ameliacha. Siku hizi anakunjua mikono, anasema, "Njoo kwa anti." Hapo tu ndipo mtoto humjia.