Mwezi wa Kumi na Tatu

Foleni ya duka la kompyuta katika soko la Shiro Meda ilikuwa imefika mlangoni siku Seble alipokutana na Henok. Seble alikuwa ametoka kwenye kibanda cha kufumia nguo cha mama yake, vumbi la pamba limemganda nywelani, mtandio wa netela unamteleza begani. Alitaka kujaziwa fomu ya kozi ya ushonaji ng'ambo. Henok, kijana mwembamba mwenye sweta ya rangi ya damu ya mzee, alichapa bila kuinua macho.

"Tarehe ya kuzaliwa, dada?"

"Pagume tatu. Mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu."

Akachapa. Akarudia. "Inakataa. Inasema miezi ni kumi na miwili tu."

"Kwa hiyo mimi nilizaliwa lini?"

"Kwa mashine hii, bado hujazaliwa."

Foleni nzima ikacheka. Henok akainua macho, na akasahau kuyashusha.

Kozi Seble hakuipata. Alimpata Henok, na miezi miwili baadaye Henok akawatengenezea tovuti ya kuagizia magauni ya harusi, yeye na mama yake. Bibi harusi huchagua pindo, huandika vipimo vyake, na mama hugawa kazi kwa wafumaji. Kila tarehe mosi ya mwezi, Henok alihifadhi nakala ya kila kitu na kuipa jina kwa tarehe ya hiyo siku, kwa kalenda ya nyumbani.

Sasa ilikuwa asubuhi ya Pagume tatu, siku tatu kabla ya mwaka mpya, na harusi za Meskeremu, mwezi wa kwanza, zinakaribia. Seble alifungua tovuti, akakuta ukurasa mweupe pe, kama gauni lisilotiwa pindo. Akapiga simu.

"Henok, umefanya nini?"

"Nimesasisha programu asubuhi hii. Imevunjika, roho yangu. Usiogope, narudisha nakala." Vidole vikasikika vikigonga. "Seble... naona nakala ya mwezi uliopita, Nehase mosi. Ya mwisho ni hiyo."

"Hiyo ni ya zaidi ya mwezi mzima. Mabibi harusi thelathini na moja wameagiza tangu hapo. Vipimo vyao sikuviandika popote, kwa sababu uliniambia nisijisumbue."

"Ya Pagume mosi niliihifadhi. Naapa."

"Pagume mosi ulikuwa kwenye uchumba wa binamu yako, unacheza eskista mpaka bega likateguka."

"Niliihifadhi kabla sijatoka. Nadhani."

"Unadhani." Sauti ya Seble ilikuwa ndogo, na hilo lilimuumiza Henok kuliko kelele. "Sema tu ulisahau. Kosa ningekusamehe. Huu uongo siwezi."

Akakata simu, akaizima, akajifuta machozi kwa ncha ya netela. Wafumaji walikuwa wameketi kwenye mitambo yao ya kufumia mikono mitupu, wakingoja kuambiwa wafume nini, kwa urefu wa nani.

Mama akaingia na mkate wa dabo, bado una moto, umefungwa kwa jani la koba, kubwa kama la mgomba. Akauweka mbele yake.

"Kula. Leo umetimiza ishirini na saba, hata kama makaratasi ya watu yanakukataa."

Seble aliumega mkate. Mkono ukasimama njiani; alikumbuka ile fomu ya dukani.

Aliwasha simu. Henok alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Seble, nisamehe, labda kweli nili..."

"Nyamaza kidogo. Hiyo orodha ya nakala, nani anaipanga?"

"Programu ya kurudishia. Inasoma tarehe kwenye jina la nakala."

"Programu imetengenezwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Na ya Pagume mosi uliiandika mwezi wa ngapi?"

Tovuti haikuwa imetimiza mwaka. Pagume hii ilikuwa yake ya kwanza.

"Kumi na tatu," Henok akasema polepole. "Haioni kama ni tarehe. Imeiruka." Akagongagonga. "Nimefungua folda yenyewe. Ipo. Seble, ipo. Nabadilisha jina."

Hakukata simu. Seble alimsikiliza akipumua, na baada ya vikombe viwili vya kahawa, ukurasa ukapata rangi: pindo za kijani, za dhahabu, kisha majina, kisha vipimo. Alihesabu. Ishirini na tisa. Vipimo vya wawili walioagiza jana, baada ya nakala, alivikumbuka kwa kichwa. Akaketi sakafuni kati ya nyuzi akicheka na kulia kwa pamoja, na nyuma yake mtambo wa kwanza ukaanza kugonga.

Henok alifika mbio, sweta ileile, bega bado limekaa upande. Mvua ya sikukuu ya malaika Rufaeli ilikuwa imeanza. Soko zima lilikuwa limetoka nje kulowa baraka, wachuuzi na wateja wao.

"Nilikuita mwongo," Seble akasema, akitazama viatu vyake.

"Hata mimi nilishaanza kujiita."

"Nisamehe."

"Njoo kwanza kwenye mvua, mrembo wangu. Ni siku yako."

Wakasimama nje, netela imemganda Seble mabegani, maji yakiwatiririka mashavuni. Henok akainama sikioni mwake.

"Nataka kutuma wazee wa posa kwa mama yako. Niwatume mwezi gani?"

Seble alijifanya anafikiri.

"Wa kwanza," akasema. "Huo hata mashine inaujua."