Posa na Uchaguzi wa Uswidi

"Babu yako kule Unguja alikuwa chama gani?"

Swali lilimkuta Yaqdhan na kikombe cha kahawa mkononi, sebuleni kwa kina Zakiya, Ghubra. Mtu kaja kuposa na mama yake, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, anaulizwa chama cha marehemu! Lakini ndivyo zilivyo nyumba nyingine za Wazanzibari hapa Maskati. Miaka sitini na ushei imepita tangu vyama vya Afro na Hizbu vigombane kwenye uchaguzi wa Unguja, na swali bado liko pale pale.

"Afro, bibi."

Bibi Mahbuba, bibi yake Zakiya, akaweka kikombe chini.

"Sisi Hizbu. Mtu wa chama kile haingii nyumbani kwangu."

Mama Yaqdhan akanyanyuka, hata kuaga hakuaga. Yaqdhan akamfuata. Baada ya muda mfupi simu ya Zakiya ikalia ujumbe:

"Mama kaondoka na gari yake. Mimi niko nje kwenye yangu. Siondoki, Zakiya."

Zakiya akamgeukia bibi yake huku analia.

"Bibi, baba hatengui neno lako. Ukikataa wewe, mimi ndo basi tena!"

"Nimeshasema."

"Unamhukumu kwa uchaguzi wa babu yake! Mwenyewe anafundisha chuoni uchaguzi wa Uswidi, wa mwaka 1928. Wa Unguja unamhusu nini?"

Bibi akauliza polepole:

"Na hao wa Uswidi, walitiana khofu?"

Zakiya akampigia Yaqdhan simu, akaweka spika, akalirudia swali.

"Walitishana sana, bibi," Yaqdhan akajibu. "Walibandika mabango kuwa wale wengine wakishinda, Warusi watakuja kuwachukulia wake zao na watoto wao. Majirani wakaogopana."

"Na wachumba waloachanishwa?"

Yaqdhan akajibu:

"Kura zao tunazijua, bibi. Mabango tunayo. Wachumba sijaona aliyewaandika."

Bibi akaichukua simu, akaileta karibu na mdomo.

"Basi andika wewe. Wangu akiitwa Hatem. Afro, kama babu yako. Alikuja kuniposa, baba akamfukuza kwa maneno yale yale nilokwambia wewe. Siku ya kura fujo zikazuka, Hatem hakuonekana tena. Kaburi lake silijui. Nnamwona mchana kweupe, kijana vile vile, kasimama tu ananngoja. Na leo nimefungua mdomo, ikatoka sauti ya baba'angu. Wallahi nimeiskia."

Zakiya akamshika mikono.

"Bibi..."

"Mfungulie mwenzio. Mama yake ntampigia mwenyewe, nimtake radhi."

Zakiya akatoka mbio bila viatu. Yaqdhan akaingia, akambusu bibi kichwani, kisha akageuka kufunga mlango.

"Wacha wazi, mwanangu," Bibi Mahbuba akasema, macho yake yakitazama nyuma ya mabega ya Yaqdhan. "Bado mmoja hajaingia."