Vikombe vya Sandukuni

Ting.

Kikafuata kimya kifupi, kama cha mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. Kisha ting nyingine, nyembamba, ndefu, ikaelea juu ya makelele ya soko zima na kukataa kuzama. Fundi kufuli alikuwa ameinama, anaifunga mashine yake ya kuchongea funguo kwenye meza mpya. Ilikuwa siku yake ya kwanza katika jengo lile. Akainua kichwa. Mtu ambaye riziki yake ni kusikiliza kipini kidogo kikiruka ndani ya kitasa hawezi kuipuuza sauti kama ile.

Ting. Ting. Halafu: tek.

"Hiki kimekufa," ilisema sauti ya mwanamke nyuma ya pazia la mabeseni yaliyotundikwa kwa kamba. "Kipumzike salama."

Fundi akasogeza beseni moja kando, akamwona. Gauni la kijani kibichi, mikono imekunjwa hadi viwikoni; kilemba cha njano kimefunika masikio; kwenye kidole cha shahada, pete ya shaba. Kikombe cha kauri kilisimama juu ya ncha za vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto. Pete ilikigonga ukingoni, macho akayafumba. Kikombe kizima kiliimba. Chenye ufa, hata ule ambao jicho halijauona, kilikohoa. Soko lilimwita Kengele, na sifa yake ilikuwa moja tu: kwake hakitoki chombo kibovu.

"Na mimi ukinigonga nitalia vipi?" fundi aliuliza.

Hakujibu. Fundi akarudia kwa nguvu. Kengele akageuka, akamtazama midomoni.

"Wewe? Utalia kama debe," alisema. "Na sifa za debe tupu unazijua."

Siku hiyo hiyo Kengele alimpa namba yake ya simu. Fundi alipiga mara tatu, na ya tatu ikakatwa masikioni mwake. Kiburi kilimpanda. Asubuhi alikwenda kumwambia kwamba kama hamtaki aseme, yeye si mtu wa kubembeleza.

"Kupiga simu anapiga kila mtu," Kengele alimjibu huku akipanga visahani. "Mimi huandikiwa. Anayenitaka ataandika."

Basi akaandika. Aliandika akiwa hatua nne kutoka kwake, pazia la mabeseni katikati yao. "Habari za mchana, jirani." Jibu likaja: "Nzuri, debe." Haukupita mwezi wa pili, likawa "debe langu", na soko zima likajua, kwa maana fundi alikuwa akichonga funguo huku akicheka peke yake.

Mashine ile ilikuwa na mlio mbaya. Chuma kilipokutana na chuma, wapita njia waliziba masikio na muuza viatu wa jirani alimwapiza fundi kwa majina yote. Kengele peke yake hakukunja uso. Fundi alijisifu moyoni: ananipenda huyu, mpaka kelele zangu anazivumilia. Mpaka siku moja, akiwa nyuma ya mgongo wa Kengele kabisa, aliwasha mashine ghafla. Kengele hakushtuka. Hakupepesa hata jicho. Aliendelea kufuta sufuria taratibu, akitabasamu na mawazo yake.

Fundi akazima mashine. Midomo anayoitazama. Simu asizopokea. Kilemba kisichovuliwa. Mambo yote yakajipanga mstari mmoja kama meno ya ufunguo, na mlango ukafunguka.

Jioni hiyo alimsaidia kufunga oda ya mgahawa. Kazi yao ilikwenda hivi: Kengele anagonga, anapitisha, yeye anazungushia gazeti. Fundi akiwa na kikombe cha nane mkononi, ukucha wake ukakigusa kwa bahati.

Tek.

Kengele alikuwa amekipitisha. Alikuwa amefumba macho, akatabasamu, akakipitisha. Fundi akatazama huku na huku, akakitumbukiza katika sanduku lake la vifaa, akachukua kingine kizima rafuni. Aliona analinda jina la mpenzi wake, na kwa miezi minne aliendelea kulilinda hivyo, kikombe kwa kikombe.

Aliyemsukuma Kengele aende hospitalini alikuwa shangazi yake, aliyemlea, mwanamke aliyechoka kuita jina lile lile mara tano kutoka jikoni. Kengele alirudi sokoni adhuhuri, akaketi mbele ya fundi, akavua kilemba. Nyuma ya sikio kulikuwa na kifaa cha kusikilizia. Akamweleza yote, kwa mara ya kwanza: kwamba usikivu ulikuwa ukimponyoka mwaka wa saba sasa, kwamba kifaa kile kinakuza kelele lakini hakiyasafishi maneno, kwamba daktari amependekeza upasuaji wa kupandikiza kifaa kingine ndani ya sikio la kulia.

"Alinionyesha mfano wa plasta," alisema, na sauti yake ikashuka. "Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejiviringa kama nyumba ya konokono. Mizunguko miwili na nusu. Chenyewe hasa ni kama punje ya njegere, debe langu. Kila nilichowahi kusikia, mama yangu, mvua, wewe, kilipita katika njegere hiyo. Wataingiza humo uzi mwembamba, uzungumze na mshipa wa fahamu kwa umeme." Akainua vidole vya mkono wa kushoto. "Nikauweka ule mfano juu ya vidole vitatu. Nikaugonga. Daktari akacheka."

Lakini daktari hakumficha. Usikivu kidogo uliobaki katika sikio hilo huenda ukaondoka na upasuaji. Wiki kadhaa zingepita kabla kifaa hakijawashwa, na kikiwashwa, sauti za mwanzo huenda zikawa kama za bati. Angejifunza kusikia upya, kama mtoto. Jibu lilitakiwa Ijumaa, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Na nimeshaamua," Kengele alisema. "Sifanyi."

"Kwa nini?"

"Miezi minne hakijarudishwa na mteja hata kikombe kimoja. Mashine za daktari ziseme zitakavyo. Vikombe havidanganyi."

Fundi akalitazama sanduku lake la vifaa. Akinyamaza, ataendelea kuitwa debe langu. Akisema, atampoteza. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku nzima, akaharibu funguo mbili. Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajaingia, alilibeba sanduku, akalifungua miguuni pa Kengele.

"Ulivipitisha," alimwambia usoni, polepole. "Mimi nikavitoa."

Vilikuwa arobaini na kimoja. Kengele akainua cha kwanza, akakiweka juu ya vidole vitatu, akakigonga, akafumba macho. Akainua cha pili. Cha sita. Vyote viliimba. Hapo ndipo alipoelewa: kilichokuwa kikiimba hakikuwa kikombe. Kwa miezi mingi amekuwa akisikia kumbukumbu. Pete ikigusa kauri, kichwa chake chenyewe kilimwimbia wimbo kinaoujua, mzuri, mzima, wa uongo.

"Ulinionea huruma," alisema.

"Nilikupenda."

"Umenificha ukweli wangu mwenyewe. Nenda."

Akashusha pazia la mabeseni.

Fundi, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu, aliandika kila siku. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Meza ya Kengele ikabaki imefunikwa turubai. Wiki ya tatu shangazi yake Kengele alifika na kufuli kubwa, akalibwaga mezani, akadai halifungi. Fundi akalijaribu mara nne. Lilifunga vizuri.

"Najua," shangazi alisema. "Nimekuja kuona kama unakula."

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Kengele, alisema, alipeleka jibu Alhamisi ile ile, hakungoja hata Ijumaa. Amekwisha pigwa picha za kichwa, amechomwa chanjo, ametia saini. "Ila wewe hataki kukuona hata kivuli. Kesho, saa mbili asubuhi, wodi ya pili, mlango wa kijani, kitanda cha dirishani. Mimi sijakwambia kitu." Akabeba kufuli lake, akaondoka.

Asubuhi fundi aliingia wodini na shati la bluu lililopigwa pasi mara mbili, mkononi kikombe kimoja. Kengele alikuwa ameketi kitandani, gauni la hospitali limefungwa kamba mgongoni. Hakuwa na kilemba wala kifaa. Nywele nyuma ya sikio la kulia zilikuwa zimenyolewa, na ngozi pale iling'aa kama kitu kipya duniani.

Fundi alisimama mahali ambapo midomo yake ingeonekana.

"Nani kakwambia?" Kengele aliuliza.

"Hakuna."

Shangazi alikuwa anaikagua dari.

Kengele akajisogeza ukingoni mwa kitanda. "Ungenyamaza siku ile, ningebaki na wewe, na hapa nisingekuwepo," alisema. "Nimelifikiria hilo mpaka hasira imechoka." Mlangoni muuguzi alikuwa tayari na kitanda cha magurudumu. "Sikio hili likifunguliwa, huenda kilichobaki humo kikaondoka. Tangu nimeamka najiuliza niingize sauti gani ya mwisho."

Fundi akainua kikombe. Alikuwa amekigonga mwenyewe mara mia, kilikuwa kizima. Kengele akatikisa kichwa, akakipokea, akakiweka pembeni.

"Hicho nitajiimbia mwenyewe. Nipe neno la kweli."

Akaweka kiganja chake juu ya koo la fundi, apate kuihisi sauti. Fundi akainama. Hajawahi kulitazama sikio kwa karibu vile: mikunjo yake, kishimo chake chenye kiza, na ndani zaidi, lisikoweza kufika jicho, ile punje iliyojiviringa iliyowahi kupokea dunia nzima. Maisha yake yote amefungua vitasa, na hajawahi kusimama mbele ya mlango kama huu. Akasema kwa sauti kubwa, wodi nzima ikageuka, muuguzi akasita na mkono juu ya kitanda:

"Nikisikia ufa, nitakwambia siku hiyo hiyo. Uwe wa kikombe, uwe wa sikio hili, uwe wangu mimi. Na siku watakapokuwashia kifaa nitakuwa mbele yako, na hata nikilia kama debe, nitalirudia neno hili hili mpaka ulisikie. Nakuahidi."