Ujumbe wa Dativa na Diski Tatu

Mvua zikiisha, asubuhi za Ifakara huanza na ukungu. Unatoka bondeni, upande wa Kivukoni, unapita juu ya mashamba ya mpunga na kuingia mitaani polepole, mpaka mtu haoni ukuta wa jirani yake. Leodegar aliipenda sana saa hiyo. Alikaa kibarazani na kikombe cha chai ya rangi huku mkewe, Frida, akitandaza turubai la kuanikia mpunga. Ndani ya ukungu ule Leodegar alimwona mama yake amechuchumaa upande wa pili wa turubai, anachambua mawe. Alijua hayupo, lakini alimtazama hivyo hivyo. Kuna watu wa namna hiyo, ukiwaacha peke yao dakika kumi wanaota wakiwa macho. Frida alikuwa ameishi naye miaka kumi na saba na alishamzoea.

Mama huyo, Bibi Yosefina, alifariki masika ya mwaka jana. Alizaliwa Mahenge, akashuka bondeni akiwa binti, akalima mpunga mpaka magoti yalipokataa. Siku za mwisho alimwomba Leodegar simu. Alikuwa na neno kwa binti yake mkubwa, Dativa, aliyeolewa Masagati, mbali kupita Mlimba. Msimu ule barabara ya Masagati ilikuwa imekatika na mito imejaa. Dativa mwenyewe alikuwa na simu ndogo ya tochi, isiyoweza kupokea ujumbe wa sauti, na siku zile haikupatikana hewani.

Leodegar alifungua kinasa sauti cha simu yake. Akamwambia mama, "Zungumza tu. Dada atakusikia." Kisha akatoka na kufunga mlango.

Alipoitwa tena, mama alimrudishia simu na kusema, "Hii ni ya Dativa. Mtu mwingine asiisikie kabla yake."

Wiki mbili baadaye Bibi Yosefina akazikwa. Dativa hakufika. Alijaribu kuvuka mto mara mbili, akarudishwa. Tangu siku hiyo, kila alipopiga simu alirudia jambo lile lile: mama amekufa akiwa na kinyongo naye. Leodegar alimwambia si kweli, ila hakuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuwa ndani ya ule ujumbe, naye hakuufungua hata siku moja. Aliutazama tu kwenye kioo cha simu: dakika nne na sekunde kumi.

Familia ilikubaliana misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ifanyike baada ya mavuno, Dativa aweze kusafiri. Miezi ikapita. Simu ya Leodegar ikapasuka kioo na kufa. Ujumbe ulikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ile ndogo kama kucha, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Frida aliichomoa kadi, akaitia kwenye kikopo kilichotobolewa matundu, pamoja na flashi mbili. Flashi moja ilikuwa na video ya harusi yao. Nyingine ilikuwa na picha za ubatizo wa binti yao, Digna.

Kikopo akakizika ndani ya pipa la mpunga, stoo.

Usimcheke. Ifakara nzima inajua kwamba simu ikilowa huwekwa kwenye mchele, na mchele unanyonya maji. Basi Frida aliona kama mpunga unaweza kuokoa kitu kilicholowa, utashindwaje kutunza kitu kikavu? Na pipa lile lilikuwa mahali salama kuliko pote nyumbani. Halikuingia panya wala fukusi, maana Leodegar alitia humo vile vidonge vya kuua wadudu na kulifunga kwa nailoni.

Wiki tatu kabla ya misa walitoa kikopo. Digna alichomeka kadi kwenye kompyuta ndogo ya kuazima. Kompyuta ikasema kadi haisomeki, ikauliza kama waifomati. Leodegar, asiyependa kubishana na mashine, akanyoosha kidole abonyeze ndiyo. Frida alimshika mkono.

"Kufomati ni kufuta," alisema. "Twende kwa dada Sada kwanza."

Sada alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa ametunza kompyuta za ofisi huko Kidatu miaka kumi na miwili, kwenye mashamba ya miwa, kabla ya kuhamia Ifakara na kufungua chumba chake cha ufundi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama kadi chini ya taa, akauliza ilikuwa imehifadhiwa wapi. Frida akamweleza kwa fahari kidogo. Sada akavua miwani.

Aliwaonyesha zile sehemu za kadi zinazotakiwa kung'aa. Zilikuwa nyeusi. Mpunga, alisema, una vumbi, na vumbi huingia kila mahali. Lakini kosa kubwa lilikuwa vidonge. Vinatoa gesi, na gesi hiyo inakula shaba na madini mengine yaliyo ndani ya vifaa vya umeme. Tena inaua watu pia, kwa hiyo pipa lenye vidonge lisikae karibu na wanapolala watu. Leodegar alisikiliza kichwa kikiwa chini. Stoo ilipakana na chumba cha Digna.

"Sauti ya mama ipo?" aliuliza.

"Sijui, Baba Digna. Niachieni siku tatu. Mmefanya vizuri jambo moja tu, hamkubonyeza."

Siku tatu zile Leodegar hakukaa kibarazani. Ukungu ulikuja na kuondoka bila yeye. Alimwambia Frida kwamba akiupoteza ujumbe ule hataweza kumtazama dada yake usoni. Na pipa lilikuwa wazo la Frida.

Siku ya nne Sada aliwaita. Alikuwa ameisafisha kadi kwa spiriti na ufutio wa penseli, taratibu, kisha akainakili yote kwenye kompyuta yake kabla ya kugusa faili lolote. Ujumbe ulikuwepo. Alikuwa ameangalia tu kwamba unafunguka, akauzima. Picha za Digna zilipona nusu. Flashi ya harusi ilikuwa imekufa kabisa. Frida alilia pale pale, kwa sababu kwenye video ile baba yake mzazi alikuwa anacheza ngoma, naye alishafariki.

Sada alimwacha alie. Baadaye akasema kwa upole kwamba kitu kilichopo mahali pamoja tu, kihesabuni kwamba kimeshaanza kupotea. Kama wanataka, atawasaidia kujenga seva ya nyumbani. Leodegar aliuliza seva ni nini. Alidhani ni mitambo ya benki.

"Ni kompyuta ya kawaida ambayo kazi yake ni moja," Sada alisema. "Inakaa nyumbani, inatunza picha, video na sauti zenu, na inawapa mkitaka. Ndiyo hiyo seva."

Leodegar alianza kuota tena. Aliona kabati la chuma lenye taa za kijani, na wajukuu wa wajukuu wakimsikiliza Bibi Yosefina. Alitaka waende dukani siku ile ile. Sada akampa karatasi na kalamu. Kwanza mipango, alisema. Wana vitu gani? Vinachukua nafasi kiasi gani? Wanaongeza kiasi gani kila mwaka? Nani atavitumia?

Walikusanya simu zote za nyumbani na kadi zote. Digna alijumlisha. Zilikuwa gigabaiti mia mbili na themanini, na kila mwaka waliongeza kama sitini. Sada akapiga hesabu: diski ya terabaiti moja, yaani kama gigabaiti elfu moja, ingewatosha zaidi ya miaka kumi. Hawakuhitaji kubwa zaidi. Wala hawakuhitaji kompyuta mpya. Walichukua kompyuta ya mezani iliyotumika, ndogo, isiyokula umeme mwingi. Pesa iliyobaki waliitumia kwa vitu viwili ambavyo Leodegar asingevifikiria: diski mpya, maana diski iliyochoka haifai kutunza kitu cha thamani, na betri ya akiba. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili linaweza kuharibika. Betri inaipa seva dakika chache za kujizima vizuri.

Ukaja ubishi wa mahali pa kuiweka. Leodegar alipendekeza sakafuni, chini ya televisheni. Sada alinyooshea kidole alama ya tope ukutani, iliyoachwa na mafuriko. Frida alipendekeza juu ya kabati. Huko juu karibu na bati palikuwa na joto la kuoka mkate. Mwishowe Leodegar alipigilia rafu usawa wa kifua, kwenye ukuta wa sebule usiopigwa na jua, hewa ikipita pande zote.

Asubuhi iliyofuata Sada alikuta seva imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, chenye maua, kama televisheni na kama redio. Alikiondoa, akakikunja na kumrudishia Frida. Alimweleza kwamba mashine hii inapumua, na ikizibwa inachemka. Frida alikubali, ingawa aliona nyumba imebaki uchi.

Sada alifunga diski mbili ndani ya kompyuta. Akaweka programu ya bure ya kuendeshea seva, akaiunganisha kwa waya na ruta, kile kisanduku cha intaneti. Kila mtu wa nyumbani akapewa neno lake la siri. Digna na baba yake waliruhusiwa kuweka na kufuta. Wageni waliweza kutazama tu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, picha za shambani zilitokea kwenye televisheni bila kutumia bando, kwa sababu hazikutoka nje ya nyumba. Bibi Yosefina akapita kwenye kioo, amebeba fungu la mpunga, anacheka na mtu asiyeonekana.

Kisha Sada aliizima seva, akachomoa diski moja na kuiwasha tena. Picha zikaonekana kama kawaida. Kila wanachoweka, alieleza, kinaandikwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine ipo. Alipoirudisha ile aliyoichomoa, seva ikaanza kuilinganisha na mwenzake.

"Basi tumemaliza," Leodegar alisema.

"Futa picha ya yule jogoo."

Leodegar akaifuta. Sada akamwambia aitafute kwenye diski ya pili. Haikuwepo.

"Zimeandika pamoja na zimefuta pamoja," Sada alisema. "Na mwizi akija atabeba zote mbili. Maji yakija, yatazamisha zote mbili. Diski mbili kwenye nyumba moja ni tahadhari ya diski kufa, basi. Nakala ya tatu lazima ilale nyumba nyingine."

Leodegar aliwaza nyumba za ndugu zao moja moja. Kisha akasema, "Masagati."

Sada alicheka kwa mara ya kwanza. Alipenda wazo lile. Diski ya tatu ilikuwa ya kubebeka, ndogo kama kitabu cha sala; Sada alikuwa amekwisha kuinakilia kila kitu kabla jogoo hajafutwa. Ikijazwa, haihitaji umeme mpaka siku ya kuitumia. Ingetunzwa ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, kwenye sanduku, mbali na jiko na mbali na mpunga. Kila mwaka baada ya mavuno ingerudi Ifakara, wahakikishe inafunguka, waongeze mapya. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa, Sada alisema, ni matumaini tu. Walijaribu siku ile ile. Waliirudisha picha ya jogoo kutoka kwenye diski ya tatu, na Frida akapiga makofi.

Dativa alifika Ijumaa kwa treni, siku moja kabla ya misa. Alikuwa amekonda. Leodegar alimwamkia, akambebea mzigo, na njiani akakiri kila kitu, pamoja na pipa. Dativa hakumlaumu. Alisema tu kwamba labda ingekuwa heri ujumbe upotee, kuliko kusikia mama akimuuliza kwa nini hakuja.

Sebuleni walitaka kumwacha peke yake. Aliwaomba wabaki, Sada naye akabaki mlangoni. Leodegar alifungua folda iliyoandikwa jina la dada yake. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi. Zikasikika pumzi, na jogoo mbali, kisha sauti ya Bibi Yosefina ikajaa chumbani, ya chini, ya kawaida kabisa.

"Dativa. Hujambo, mwanangu?"

Ikanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu. Sada alisogea haraka, akiamini kwamba kipande cha sauti kimeliwa na ile gesi. Leodegar alishika kiti. Lakini Dativa aliinua mkono kuwazuia.

"Sijambo. Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," ikasema sauti. "Watoto hawajambo?"

Kimya tena.

"Hawajambo. Wanakusalimia."

"Ehe. Vizuri."

Hapo ndipo Leodegar alipoelewa. Mama aliambiwa azungumze, Dativa atamsikia, naye akazungumza kama watu wanavyozungumza. Alikuwa amemwachia binti yake nafasi ya kila jibu. Hakuna kilichoharibika. Ukungu wa mwaka mzima haukuwahi kumletea mama karibu namna hii.

Mama aliuliza habari za shamba, Dativa akamjibu. Aliuliza kuhusu goti la mkwewe, mume wa Dativa, naye Dativa akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha sauti ikawa nzito kidogo.

"Leodegar ananiambia mito imejaa. Usivuke maji kwa ajili yangu. Mimi nakwenda, wewe una watoto. Nikiondoka kabla hujafika, sina neno nawe. Umenisikia?"

Dativa hakuweza kujibu. Kimya hiki kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mama alimjua binti yake, na alikuwa amemsubiri.

"Nimekusikia, mama," alisema mwishowe.

"Haya," mama akasema. "Basi lala salama."