Nati Nne za Guta la Saruni

Jumanne, saa sita na dakika ishirini mchana, guta la Saruni lilikutwa limepinduka kwenye kona ya korongoni, barabara ya Mang'ola kuja Karatu. Magurudumu yake matatu yalikuwa juu, magunia ya vitunguu yametapakaa hadi mtaroni. Saruni, dereva wake, alikuwa chini ya bodi. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Sajenti Leonida alifika saa saba kasorobo. Waliosimama pale walikwepa macho yake. Alipiga magoti nyuma ya guta. Upande wa kushoto ekseli ilikuwa imehama mahali pake. Boliti zinazoifunga kwenye springi zilikuwepo, ila nati zake zote nne hazikuwepo.

"Hiyo kazi ya Hhando," alisema mzee Josephati, mwenye guta, akijifuta macho kwa kofia. "Wiki iliyopita kalifumua lote, eti lisiyumbe. Saruni katoka Mang'ola moja kwa moja, kasimama ghalani kwangu tu kuongeza magunia mawili. Haikupita hata robo saa, haya."

Ghala lilionekana pale juu ya mteremko, kilomita moja tu.

Kufika saa tisa, fundi Hhando alikuwa mahabusu, na gereji yake imepigwa mawe.

"Ulilifanya nini lile guta?" Leonida alimuuliza.

"Lilikuwa linanyanyua gurudumu kila likikata kona, afande. Nikatanua ekseli, nikashusha bodi, nikaongeza springi. Saruni kalijaribu na mzigo, akacheka. Akasema sasa limetulia kama ng'ombe aliyeshiba."

"Ukasahau kukaza nati."

"Nilikaza. Wiki nzima kapanda nalo na kushuka."

"Basi zimelegea zenyewe."

"Zote nne kwa mpigo?" Hhando alimkazia macho. "Afande, hayo meno ya boliti yana vumbi?"

Leonida alitoka hadi uani, guta lilikokokotwa, akapitisha kidole. Guta zima lilikuwa limevaa vumbi tangu taa hadi bodi. Meno ya boliti yaling'aa kwa grisi. Guta lililotoka Mang'ola bila nati lisingefika na boliti safi namna ile. Nati zilifunguliwa muda mfupi kabla ya kona, na Saruni alisimama mahali pamoja tu.

Jioni alikwenda kwa mjane, Naipanoi.

"Ijumaa alikuwa aje kwenu kituoni," Naipanoi alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa jambo gani, mama?"

"Yule bibi aliyegongwa Rhotia miezi mitatu iliyopita, gari likakimbia. Mume wangu alikuwa ndani ya gari hilo. Usingizi ukampotea. Jumapili akamwambia aliyeendesha kwamba atasema."

"Nani aliendesha?"

Naipanoi alitazama mlango kwanza. "Mwenye guta."

Jumatano saa mbili asubuhi polisi walipekua ghala. Saa nne Hhando alikuwa huru, ameketi kituoni karibu na Naipanoi. Leonida alimwaga nati nne mezani mbele ya Josephati. Zilikuwa bado na grisi.

"Zimetoka kwenye kopo lako la misumari, mzee."

Josephati alizitazama. "Ningefia jela," alisema. "Na fundi alishaligusa guta. Nani angeuliza zaidi?"

"Saruni alikuwa wapi ulipokuwa chini ya guta?"

"Ndani. Nilimmiminia chai, nikamwambia apumzike kidogo, jua kali."

Naipanoi aliinua uso. "Alikushukuru?"

"Alinishukuru," mzee alisema. "Akaniambia, mzee, usiogope, Ijumaa tutakwenda wote."