Shaba Iliyoitika

Kisomaji, kile kisanduku cha kuziita lebo, kililia tii. Fundi wa antena akatazama mezani. Palikuwa na lebo moja tu, nayo shaba tupu, aliyoikunjakunja kama utumbo wa kuku ili ienee kwenye ukucha na bado isikike kutoka ng'ambo ya barabara. Chipu, ile punje inayobeba namba, hajaibandika. Inaitikaje?

"Kidude chako kimelewa," mama yake alisema kutoka mlangoni, akimenya vitunguu.

"Kimeleta namba, mama."

"Ya nani?"

Ilikuwa namba ya binti yake fundi, ya lebo iliyoshonwa kwenye pindo la gauni, kwa kuwa mtoto yule ukimpa kisogo tu keshafika kwa jirani. Naye alikuwa uani, anachezea kifuniko cha sufuria. Kisomaji kikaonyesha wawili: mmoja uani, mwingine ukutani.

Fundi akaikata ile shaba kwa mkasi. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, na kisomaji hakikunyamaza, kikawa kinalia na kulia, na kila kilipolia yule wa ukutani alikuwa amesogea, kapita nyuma ya kabati, kapita chini ya dirisha, anaelekea uani polepole kama mtu anayepapasa njia gizani, ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

"Mama," alinong'ona, "mwite mganga."

Mganga alikuja na kikohozi chake. Akanusa. "Hiki kinafanya nini?"

"Kinaita. Lebo hazina betri, zinaamshwa na mwito."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa. Nataka zisikie kutoka mbali."

"Basi zimesikia za mbali. Unaita wee, halafu unashangaa kuitikiwa? Zima, baba. Asiyeitwa hana cha kungoja."

Fundi akachomoa waya. Mganga akafukiza, akasoma maneno yake, harufu ikatoka dirishani. Nyumba ikatulia. Fundi akamleta mwanawe ndani, akamketisha mkekani, akashusha pumzi.

"Angalau leo nitasikia redio yangu," mama yake akasema.

Mtoto akainua kichwa.

"Abee," akaitika.

Watu wazima wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Nani kakuita, mjukuu wangu?" bibi aliuliza, taratibu sana, huku akimkamata pindo la gauni.

Mtoto alikwishasimama. Akavuta gauni lake, uso kaelekeza ukutani.

"Abee, naja," akasema, kwa adabu, kama alivyofundishwa.